Waazteki walikuwa wanatoa watu kafara kwa sababu gani hasa? Tujadili kwa hoja

#1 Mpekuzi wa Kale
Wakuu habari za jioni. Siku hizi nakesha na dokumentari za Waazteki wa Meksiko na kuna kitu kinanisumbua kweli, naomba tukijadili kwa hoja sio matusi.

Hawa watu walianza mji wao wa Tenochtitlan mwaka 1325 kwenye kisiwa cha matope katikati ya ziwa Texcoco. Haijapita miaka 200 umekuwa mji wa watu wanaokadiriwa laki mbili, una barabara zimekatiza juu ya maji kwenda nchi kavu, una mfereji wa maji safi kutoka Chapultepec wenye njia mbili ili moja ikifungwa kusafishwa nyingine iendelee kuleta maji, una shule hadi za watoto wa wakulima. Wahispania walivyofika 1519 baadhi ya askari wao waliulizana kama wako macho au wanaota.

Halafu watu hao hao wanampandisha mtu ngazi za hekalu, wanamlaza chali kwenye jiwe, kuhani anampasua kifua kwa kisu cha gumegume anautoa moyo. Na sio mara moja kwa mwaka, kila mwezi wa kalenda yao una sikukuu yake.

Kwa nini? Tafadhali msijibu "ushetani" mkaondoka. Mimi naona ilikuwa siasa, ni kutisha majirani walipe kodi kwa wakati. Nipingeni.

#2 Chai ya Rangi
Nimevuta kiti. Uzi kama huu ndo ulikuwa unakosekana humu.

#3 Baba Tumsifu
Mtoa mada kabla ya kuuliza kwa nini uliza kwanza nani kakwambia. Walioandika ni Wahispania, watu waliokuwa wanataka ardhi na dhahabu. Mtu anayetaka kukunyang'anya nyumba lazima awaambie majirani kwamba humo ndani mnakula watu. Askari wa Cortés, yule kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, anaitwa Andrés de Tapia alidai kwenye jukwaa walilopangia mafuvu ya waliotolewa kafara kulikuwa na mafuvu 136,000. Padri Durán naye akaandika kwamba kwenye uzinduzi wa Hekalu Kuu mwaka 1487, enzi za mfalme Ahuitzotl, walichinjwa watu 80,400 kwa siku nne. Mnakubali tu?

#4 Hesabu Kali
Nimekaa chini na hiyo namba ya Baba Tumsifu. 80,400 gawa kwa siku 4 ni 20,100 kwa siku. Hata wakifanya kazi saa 24 bila kupumzika ni zaidi ya 830 kwa saa, yaani watu kama 14 kila dakika, usiku na mchana, juu ya hekalu lenye ngazi zimesimama vile. Na miili inapelekwa wapi kwenye mji uliozungukwa na maji? Haiwezekani. Kuna maandishi mengine ya zamani yanataja 20,000 kwa sherehe hiyo hiyo na hiyo nayo bado naiona kubwa mno.

#5 Mbongo Ughaibuni
Namba zimetiwa chumvi, hapo niko na nyie, ila tusivuke mpaka tukasema hakikutokea kitu. Mimi naishi Mexico City kikazi na nyumba yangu haiko mbali na pale katikati ya mji, kwa hiyo nawaambia vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kwenda kuviona.

Februari 1978 mafundi wa umeme walikuwa wanachimba mtaro karibu na kanisa kuu la Kikatoliki, sururu zikagonga jiwe. Likatoka jiwe la duara lina upana wa zaidi ya mita 3, limechongwa mwanamke aliyekatwakatwa, kichwa huku mikono kule, miguu imetenganishwa na kiwiliwili, mkanda wa nyoka kiunoni na kengele zimechorwa mashavuni. Ndiye Coyolxauhqui, dada yake mungu wa vita Huitzilopochtli aliyeuawa na kaka yake kwenye hadithi yao. Lilikuwa chini ya ngazi za upande wa huyo kaka. Sasa fikirieni wenyewe, mtu akishauawa juu mwili unasukumwa unashuka ngazi mpaka unafikia lile jiwe, yaani hadithi inachezwa upya kwa mwili wa mtu. Baada ya hapo serikali ikabomoa majengo, Eduardo Matos Moctezuma akaongoza uchimbaji na hekalu lote likaonekana.

Halafu mwaka 2015 taasisi yao ya mambo ya kale ikakuta jukwaa la mafuvu lenyewe nyuma ya kanisa. Kuna mnara wa duara wa karibu mita 5 umejengwa kwa mafuvu yaliyoshikiliwa na chokaa. Hadi mwisho wa 2020 walishahesabu mafuvu 603 hapo kwenye mnara, na humo kuna ya wanawake na watoto pia, sio wapiganaji wa kiume tu kama tulivyokuwa tunaambiwa. Kwa hiyo Baba Tumsifu, 136,000 hapana, ila 603 yamehesabiwa na wataalamu na uchimbaji haujaisha.

#6 Baba Tumsifu
Mkuu wa Ughaibuni nimekupata, asante kwa maelezo. Ila bado nasimama palepale. Mafuvu 603 hayakwambii wamekufa kwa muda gani. Ukichimba nje ya miji ya Ulaya walikokuwa wananyonga na kuchoma watu karne hiyo hiyo utakuta mifupa pia, na hakuna anayefungua uzi kuuliza Wazungu walikuwa na tatizo gani.

#7 Mpekuzi wa Kale
Hoja ya Ulaya ni nzito, lakini tusihame mada. Kule waliua wakasema ni adhabu. Huku wanasema ni ibada na anayeuawa anapewa heshima kabla ya kufa. Hicho ndicho nataka kukielewa.

#8 Kisiki cha Mpingo
Nilikuwa napita ila hapa ngoja nitie neno, tena refu, mnivumilie.

Kwanza tuweke sawa. Wenyewe walijiita Mexica, jina la Azteki limesambazwa na wasomi wa karne ya 19. Na zile piramidi kubwa za Teotihuacan zinazowekwa kwenye kila picha ya Waazteki hawakujenga wao, walizikuta ni magofu tayari, mji ulishaanguka karne nyingi kabla yao. Ila waliuheshimu kiasi kwamba wakasema ndipo jua lilipozaliwa.

Na hapo ndipo kuna jibu la swali. Kwao dunia ilishaumbwa na kuharibika mara nne, hili tunaloishi ni Jua la Tano. Miungu walikusanyika Teotihuacan gizani wakawasha moto mkubwa, anatakiwa mmoja ajitupe humo awe jua. Tecuciztecatl alikuwa tajiri mwenye majivuno, akakimbilia moto mara nne na kila mara akarudi nyuma. Nanahuatzin alikuwa maskini amejaa vidonda mwili mzima, akafumba macho akajirusha. Akawa jua. Yule tajiri aibu ikamshika naye akajitupa, akawa mwezi. Lakini jua likachomoza likasimama halitembei, mpaka miungu wengine wote wakatoa uhai wao ndipo likaanza kwenda.

Ukilelewa na hadithi hiyo toka utotoni unaelewa kila siku jua likichomoza kuna mtu amelilipia. Deni hilo. Na walilipa wote, sio mateka tu: mfalme, kuhani, mama wa nyumbani, kila mtu alijichoma ulimi au masikio au mapaja kwa mwiba na kutoa damu yake mwenyewe. Hilo dokumentari huwa zinaruka kwa sababu halitishi.

Angalieni na sikukuu ya Toxcatl. Anachaguliwa kijana asiye na doa mwilini, hata meno yanakaguliwa, anakuwa mungu Tezcatlipoca kwa mwaka mzima. Anafundishwa filimbi, anafundishwa kushika maua na kuvuta tumbaku kiungwana, akipita mtaani watu wanamsujudia. Siku 20 za mwisho anaozwa wanawake wanne. Siku yenyewe inafika, anapanda ngazi za hekalu dogo kwa miguu yake, na kila ngazi anavunja filimbi moja kati ya zile alizopiga mwaka mzima. Juu makuhani wanamsubiri. Mara tu akishakufa kijana wa mwaka unaofuata anachaguliwa.

Mpekuzi, ukiniambia hiyo ni mbinu ya kukusanya kodi sikuelewi.

#9 Chai ya Rangi
Hiyo ya filimbi imenikaa kifuani aisee.

#10 Mpekuzi wa Kale
Kisiki heshima yako mkuu. Ila dini na siasa hazigombani. Mfalme anaweza kuamini deni la jua kwa moyo wote na wakati huohuo akawaalika watawala wa miji aliyoishinda, hata maadui, waje kutazama uzinduzi wa 1487. Kwa nini uwaalike maadui kama sio uwaone wanatetemeka? Na huo muungano wa miji mitatu, Tenochtitlan, Texcoco na Tlacopan, ulioanza 1428 haukuwa na jeshi la kukaa kila mji ulioshindwa, walitegemea hofu.

#11 Jirani wa Namanga
Sasa wadau, from Nairobi naleta angle nyingine. Kuna msomi Mmarekani, Michael Harner, mwaka 1977 alisema shida ilikuwa nyama. Hawakuwa na ng'ombe, mbuzi wala nguruwe, watu wameongezeka sana, protini hakuna. So hawa mateka walikuwa wanaliwa na dini ilikuwa kifuniko tu. Ilivuma sana hiyo nadharia. Msinirukie, naileta tu mezani.

#12 Muuguzi wa Zamu
Jirani hiyo nadharia ilipingwa mwaka mmoja tu baadaye na Ortiz de Montellano na mimi kama mtu wa afya naona alikuwa sahihi. Hawa walikuwa na bata mzinga wa kufuga, mbwa wa kufuga kwa ajili ya nyama, bata maji, samaki, vyura, wadudu wa kila aina, na ile mwani ya kijani ya ziwani wanaikausha kama mkate, ndiyo spirulina inayouzwa siku hizi madukani kwa bei ya kutisha. Mahindi na maharage ukila pamoja vinakamilishana protini. Na walioruhusiwa kuonja nyama ya mateka ni wakubwa na familia ya aliyemteka, tena msimu wa mavuno chakula kimejaa ghalani. Mwenye njaa hakupewa. Sasa hiyo njaa inatibiwa vipi?

#13 Mama Terere
Muuguzi umesahau mchicha! Mchicha wa nafaka, zile mbegu ndogo, ilikuwa moja ya kodi kubwa wanayodai mikoani. Na kwenye ibada walikuwa wanasaga mbegu zile wanakanda na asali ya mmea fulani wanaumba sanamu ya mungu, wanaivalisha, wanaibeba kwa maandamano, mwisho wanaivunja vipande kila mtu anakula kipande chake. Mapadri walivyoona wakachachamaa maana inafanana na komunyo, wakapiga vita ile ibada mpaka kilimo chake kikadidimia. Mimi nalima mchicha wa mbegu huku Kiambu, leo Meksiko wanatengeneza kashata zake wanaita alegría. Kwetu tumebaki na majani tu.

#14 Dogo Msomi
Ila hawa si ndio walitabiri dunia itaisha 2012?

#15 Kisiki cha Mpingo
Hao ni Wamaya dogo, watu wengine kabisa, kusini mashariki, na hata wao hawakutabiri mwisho, ni mzunguko wa kalenda yao ulikuwa unafunga na kuanza mwingine.

Na lile jiwe kubwa la duara linalowekwa kwenye fulana ni la Waazteki kweli, lilifukuliwa Desemba 1790 kwenye uwanja mkuu wa Mexico City, linakaribia tani 24. Watu huliita kalenda lakini huwezi kulitumia kuhesabu tarehe. Katikati kuna uso ulimi nje, ulimi wenyewe ni kisu, pembeni yake majua manne yaliyoangamia, kisha duara la alama za siku 20. Wengine wanasema uso ni wa mungu jua Tonatiuh, wengine wanasema ni mungu wa ardhi, ugomvi haujaisha hadi leo. Na lilikuwa limepakwa rangi, nyekundu na manjano, hili la kijivu mnaloliona limechujuka.

#16 Mwana wa Makunduchi
Assalaam alaykum. Nimesoma toka juu. Kuna kitu nimekiona nataka kukisema.

Hao walikuwa na kalenda mbili, moja ya siku 260 ya ibada na moja ya siku 365, yaani miezi 18 ya siku 20 na siku 5 za nuksi mwishoni. Zinakutana kila baada ya miaka 52. Usiku huo ndio wa hatari. Moto wote wa nchi unazimwa, majiko yote. Wanatupa vyungu na mafiga na sanamu za ndani. Mjamzito anafungiwa ghalani amevishwa kinyago cha jani la mkonge wa kwao asije kugeuka mnyama akala watu. Watoto wanafinywa wasilale, maana akilala ataamka panya. Watu wamepanda mapaa wanatazama kilima cha Huixachtlan upande wa Iztapalapa. Makuhani kule juu wanaangalia lile kundi la nyota la Kilimia. Kikivuka katikati ya mbingu saa sita usiku basi dunia imeongezewa miaka 52 mingine, na hapohapo wanapekecha moto mpya juu ya kifua cha mateka. Ukishika, moyo unatolewa unatiwa humo motoni, wakimbiaji wanawasha mienge wanashuka nayo hekaluni na kutoka hapo kila nyumba inapata moto. Mara ya mwisho ilikuwa 1507.

Sasa sisi kwetu Unguja kusini, Siku ya Mwaka, mnajua tunachoma kibanda cha makuti na watu wanapigana kwa migomba. Bibi alikuwa akitwambia zamani siku hiyo moto wa majumbani ulizimwa wote ukapekechwa mpya. Hatukuua mtu, na sisemi tunahusiana na Meksiko, bahari mbili ziko katikati. Lakini mimi ile hofu ya mwaka kugeuka naielewa. Hao walikuwa wanaogopa kweli. Sio nyama, sio kodi.

#17 Hesabu Kali
Mwana wa Makunduchi umeandika vizuri sana, ubarikiwe.

#18 Mtani wa Tanga
Na huo mkonge aliousema hapo juu jamani mjue hata huu wetu wa Tanga ni mmea wa Meksiko, Mjerumani Hindorf aliuleta 1893 kupitia Florida. Tumeuimba kama wa babu zetu kumbe mgeni.

#19 Simba wa Kush
Mnazunguka sana. Ustaarabu wote wa Meksiko chanzo chake ni Afrika. Tazameni vichwa vikubwa vya mawe vya Waolmeki, watu wa Meksiko wa kale kabla ya Waazteki, pua pana midomo minene, huyo ni nani kama sio Mwafrika? Msomi Van Sertima aliyaeleza haya miaka ya 70 wakamfungia milango.

#20 Mbongo Ughaibuni
Simba ndugu yangu, mimi ndo naishi nao. Nenda Veracruz na Tabasco vilikotoka vile vichwa, utakutana na sura zile sokoni zinauza mahindi ya kuchoma, ni wenyeji wa palepale wala hawajawahi kutoka. Hajapatikana chungu, shanga wala mfupa wa Kiafrika kwenye uchimbaji wa zama zile. Mtu akikwambia mhindi mwekundu hakuweza kuchonga jiwe mpaka Mwafrika aje, ni dharau ileile tunayofanyiwa sisi wakisema Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni.

Na Mwafrika wa kweli kwenye hii historia yupo, hatumtaji tu. Juan Garrido, mzaliwa wa Afrika Magharibi, alikuwa na Cortés kwenye vita ya Tenochtitlan na mwaka 1538 alimwandikia mfalme wa Hispania akisema yeye ndiye wa kwanza kupanda ngano Meksiko na kuona inaota. Alikuwa upande wa wavamizi, ndiyo, ila ni historia.

#21 Simba wa Kush
Huyo Garrido nitamfuatilia. Ila ya Waolmeki hamjanishawishi.

#22 Binti Rufiji
Naona mnaongelea wanaume wapiganaji tu. Kwenye Hekalu Kuu kuna shimo la sadaka walikuta mifupa ya watoto wasiopungua 42, wadogo, wametolewa kwa Tlaloc mungu wa mvua. Watafiti wanalihusisha na ukame mkali wa miaka ya 1450 hadi 1454, mpaka watu walijiuza utumwani pwani kwa mahindi. Wengi wa watoto wale walikuwa na magonjwa ya meno na mifupa. Iliaminika machozi ya mtoto njiani ni dalili ya mvua. Nimezaa, siwezi kuyasoma hayo kwa utulivu, lakini yananiambia sababu sio moja. Mateka wa vita anaweza akawa siasa kama asemavyo Mpekuzi. Kijana wa Toxcatl ni deni la Kisiki. Mtoto wa Tlaloc ni watu wamekosa mvua miaka minne wamechanganyikiwa.

#23 Baba Tumsifu
Sawa Binti. Na hilo la Toxcatl mlimalizie basi. Mei 1520 watu wako kwenye sikukuu hiyohiyo wanacheza ngoma uwanjani bila silaha, wamepewa ruhusa, Pedro de Alvarado, msaidizi wa Cortés, akafunga milango askari wake wakawakata wapiga ngoma mikono. Nyie mnahesabu mafuvu ya hekalu, ya siku ile kayahesabu nani?

#24 Kisiki cha Mpingo
Hilo ni kweli kabisa na Waazteki wenyewe walilisimulia. Padri Sahagún alikaa miongo na wazee wenyeji na wanafunzi wao, wakaandika vitabu 12 kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na Kihispania, vilikamilika karibu 1577 na sasa viko Florence, Italia. Kwa hiyo sio kila habari ni ya mshindi.

#25 Baba Tumsifu
Wanafunzi waliolelewa shule ya mapadri.

#26 Kisiki cha Mpingo
Ndiyo, na bado waliandika yaliyowauma. Yasome.

#27 Jirani wa Namanga
Na mkumbuke Cortés hakushinda na wale askari wake mia tano. Tlaxcala, majirani na maadui wa Tenochtitlan, walimpa watu maelfu kwa maelfu maana Tenochtitlan iliwazunguka ikawanyima chumvi na pamba, na kila mara wakawa wanapigana zile vita vya maua, vita ya kupanga ya kutafuta mateka. So Mpekuzi, kama kafara ilikuwa ya kutisha majirani, mbona majirani ndo waliwamaliza? Hiyo siasa ilifeli.

#28 Mpekuzi wa Kale
Siasa kufeli haimaanishi haikuwa siasa, Jirani. Na usisahau ndui. Iliingia 1520, ikamuua hadi mfalme Cuitláhuac aliyekuwa amewafukuza Wahispania mjini. Mji ukaanguka Agosti 13, 1521 watu wamekondeana kwa njaa na ugonjwa. Bila ndui tungekuwa tunaongea mengine.

#29 Binti Rufiji
Tugeukie sanaa basi, maana mmeandika damu tu kurasa nzima. Kilichonivutia mimi ni mafundi wa manyoya, waliitwa amanteca. Wanapanga unyoya mmojammoja, wa kawaida chini kama msingi, wa thamani juu, unagandishwa kwa gundi ya mizizi ya okidi. Ukigeuka rangi inageuka. Baada ya Wahispania mafundi haohao wakatengeneza picha za Kikristo kwa manyoya, moja ya 1539 inaonyesha misa ya Mtakatifu Gregori, ipo Auch Ufaransa hadi leo. Miaka 18 tu toka mji wao uchomwe, wanatengeneza kitu kizuri hivyo.

#30 Mtani wa Tanga
Na lile taji kubwa la kijani la manyoya si liko Ulaya?

#31 Mbongo Ughaibuni
Liko Vienna. Manyoya marefu ya ndege quetzal na vipande vya dhahabu, upana karibu mita 1.8. Wameksiko wanaliita la Moctezuma, mfalme aliyekuwepo Wahispania walipofika, ingawa hakuna ushahidi alilivaa yeye. Mwaka 2020 rais wa Meksiko aliomba waazimwe tu kwa maadhimisho ya miaka 500, Austria ikasema haliwezi kusafiri, mtikisiko wa ndege utalisambaratisha. Makumbusho ya hapa ina nakala iliyotengenezwa 1940, nimeiona, watu wanasimama mbele yake kimya.

#32 Hesabu Kali
Sababu ileile tunayopewa kila tukiuliza mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyeko Berlin. Mkubwa hawezi kusafiri, ila alisafiri kutoka Lindi vipande vipande vichwani mwa wapagazi.

#33 Dogo Msomi
Na ile siku ya wafu yenye mafuvu ya sukari ni ya Waazteki?

#34 Mbongo Ughaibuni
Inategemea unamuuliza nani dogo. Mwenye nyumba wangu anaamini asilimia mia. Maua ya njano ya cempasúchil yalitumika kwenye ibada toka kale na walikuwa na miezi miwili ya sikukuu za wafu, ila zilikuwa karibu na Agosti. Wengine wanasema mikate na kwenda makaburini Novemba 1 na 2 ni Ukatoliki wa Hispania moja kwa moja. Yale maandamano makubwa ya Mexico City yalianza 2016 baada ya filamu ya James Bond kuyaonyesha kabla hayajakuwepo. Lakini kwenye madhabahu ya mwenye nyumba wangu kuna picha ya mama yake, glasi ya maji, chumvi, na chakula alichopenda marehemu, na huwezi kumwambia hicho ni cha filamu.

Kinachodumu zaidi ni watu. Sensa ya 2020 ilikuta zaidi ya watu milioni 1.6 wanaongea Kinahuatl. Na kwenye stesheni ya metro ya Pino Suárez kuna hekalu dogo la duara la mungu wa upepo, walilikuta wakichimba reli miaka ya 60, wakaliacha palepale. Abiria wanabadilisha treni pembeni yake kila asubuhi.

#35 Mkulima wa Rungwe
Mimi nalima parachichi, nimeingia kwa sababu mtu kanitumia huu uzi. Ni kweli lilitoka huko kwao?

#36 Kisiki cha Mpingo
Huko Meksiko na majirani zake, ndiyo, na mahindi pia. Kuna orodha ya bei ya soko la Tlaxcala ya mwaka 1545, bata mzinga jike mzuri ni mbegu 100 za kakao, parachichi lililochumwa sasa hivi mbegu 3, lililoiva mbegu 1. Kakao ndiyo ilikuwa chenji. Na matapeli walikuwepo, walitoa kiini kwenye ganda la mbegu ya kakao wakajaza unga wa mchicha au nta au kokwa ya parachichi.

#37 Mkulima wa Rungwe
Kwa hiyo lililoiva lilishuka bei hata enzi hizo. Madalali hawajabadilika.

#38 Muuguzi wa Zamu
Kwenye mahindi kuna jambo linaniuma. Wale walikuwa wanachemsha mahindi na maji ya chokaa, wanayaacha usiku kucha, asubuhi wanaosha maganda ndipo wanasaga. Ile chokaa inafungua vitamini ya niasini iliyojificha ndani ya punje. Wareno na Wahispania walibeba mbegu wakaacha maarifa. Matokeo yake wakulima maskini wa Hispania na Italia waliokula mahindi matupu wakapata pelagra, ngozi inaungua shingoni na mikononi, kuharisha, mwisho akili inaruka. Na sio mbali, mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua kwa maelfu pale mgao wa karanga ulipokatika wakabaki na mahindi tu. Waazteki wamekula mahindi karne na karne hawana huo ugonjwa. Nikiona mtu anasema walikuwa washenzi huwa naikumbuka hiyo.

#39 Mama Terere
Muuguzi hiyo chokaa ni hii ya kupaka ukuta?

#40 Muuguzi wa Zamu
Hapana mama, usijaribu ya ukutani, hujui imechanganywa na nini. Kuna ya chakula inauzwa kwa ajili hiyo. Na wenyeji wa Amerika ya Kaskazini walitumia maji ya majivu ya kuni kwa kazi hiyohiyo.

#41 Mama Terere
Majivu ninayo. Kiasi gani kwa kilo ya mahindi, na ya mti gani?

#42 Chai ya Rangi
Na mimi nasubiri jibu hapo. Mbongo Ughaibuni ulizia mwenye nyumba wako.